Picha Isiyo na Kivuli

Miongoni mwa mas-ala yaliyozuka katika zama hizi, na ambayo familia nyingi zilizoko Ghuba na ughaibuni zimeanza kuyauliza, ni mas-ala ya picha ya uso ambayo mtu huitanguliza mbele ya waajiri katika mtandao. Zamani picha hiyo ilipigwa na mpiga picha. Leo hutengenezwa bila ya kupigwa. Mtu hukipa chombo cha akili bandia, ambayo kwa watu wa Tanzania huitwa pia akili mnemba, picha zake chache za simu, na baada ya muda mfupi hurudishiwa uso wake akiwa amevaa koti na tai ambavyo hakuvivaa, amesimama ndani ya ofisi ambayo hakuiingia, na ameangaziwa na taa ambazo hazikuwashwa. Jee, hiyo ni picha yake? Na akiiweka mahali ambapo watu huitegemea ili wamjue, jee, amesema kweli au amesema uongo?

Wapo watakaoliona suala hili kuwa ni dogo, na kwamba dunia ina dhulma kubwa zaidi zinazostahiki wino. Lakini maulamaa waliotangulia hawakuyadharau madogo. Waliandika juu ya nywele za kuungwa, juu ya nguo iliyokunjwa ili tundu lake lisionekane, na juu ya kondoo aliyeachwa bila ya kukamwa hata kiwele chake kikajaa siku ya mnada. Waliyaandika hayo kwa sababu watu wengi hawadanganyi kwa uongo mkubwa. Hudanganya kwa mambo madogo ambayo nafsi zao haziyahisabu.

Na ili maneno yasielee hewani, suala litazamwe kwa mfano. Kijana wa mfano huu na aitwe Zaid, kama ilivyo ada ya vitabu vya fiqhi, ambavyo Zaid na Amr wamekuwa wakiuziana na kukopeshana humo kwa zaidi ya miaka elfu bila ya kuchoka. Zaid ni Muomani ambaye wazee wake walizaliwa Unguja. Amekulia Maskati, amesoma Marekani, na sasa anatafuta kazi mjini Washington. Amepanga chumba katika mtaa wa Columbia Heights, karibu na barabara ya 14, katika nyumba ambayo kodi yake huchangiwa na vijana wanne. Mtaa huo una historia yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King, maduka mengi ya barabara ya 14 yalichomwa moto, na viwanja vikakaa vitupu kwa miaka mingi. Stesheni ya reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1999, soko kubwa liitwalo DC USA likafunguliwa mwaka 2008, na kodi za nyumba zikapanda. Leo wanaishi humo watu weusi wa Marekani ambao wazee wao waliuona moto ule, watu waliotoka El Salvador na Ethiopia, na vijana wa kila taifa waliokuja kutafuta riziki katika mji wa serikali na mabenki. Kijana kama Zaid hamfikii mwajiri kwa miguu yake. Anayebisha hodi kwanza kwa niaba yake ni picha.

Zaid alituma maombi mengi asipate jibu. Mmoja katika wenzake akamwambia kwamba iliyomponza ni picha yake ya jikoni, iliyopigwa kwa simu usiku. Zaid hakuwa na fedha za mpiga picha, basi akalipa ada ndogo kwa chombo kimoja cha mtandaoni, akapewa picha kadhaa, akaichagua iliyo nzuri kuliko zote na kuiweka katika LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi uliofunguliwa mwaka 2003. Kisha, kwa furaha, akamtumia mama yake Maskati. Haikupita robo saa mama akapiga simu.

"Mwanangu, huyu uliyenitumia ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Na kovu lako liko wapi?"

Zaid ana kovu juu ya nyusi ya kushoto tangu alipokuwa na umri wa miaka sita, siku aliyoteleza katika falaji kijijini kwa babu yake. Chombo kilikuwa kimeliondoa bila ya kuombwa. Ngozi nayo ilikuwa imepungua weusi kidogo, na pua ilikuwa imekuwa nyembamba kidogo. Hapana hata kimoja katika hivyo ambacho kingeweza kuitwa kugeuza sura, lakini vilipokusanyika, mama aliyemzaa alisita. Kusita huko kwa mama ndiko kunakostahiki kutazamwa.

Ikumbukwe, kwanza, kwamba picha ya kamera ilipoingia katika nchi za Kiislamu ilileta khitilafu kubwa. Waliokuwapo walijua makatazo yaliyokuja katika Hadithi juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe, wakauliza kama mwenye kamera ni katika hao. Miongoni mwa waliojibu ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hadi 1920, na akafariki mwaka 1935. Yeye aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, na hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mwenye kamera haumbi wala hachori kitu. Anachokifanya ni kukizuia kivuli kilichokwisha kuwapo. Kamera ni kama kioo, isipokuwa kioo humwachia mtu anapoondoka, na kamera haimwachii. Wako maulamaa waliomkubali na wako waliomkataa, na wako waliosema kuwa inajuzu kwa haja tu, kama vile pasi ya kusafiria. Na watu kwa jumla wakaizoea, hata leo haipatikani nyumba, Sur au Dubai au Zanzibar, isiyokuwa na picha.

Lakini ndugu msomaji aitazame vizuri sababu ya hukumu ile. Hukumu ilijengwa juu ya kivuli. Na sharti la kivuli ni kuwapo mwenye kivuli, na mwanga uliompiga, na wakati ambao mwanga huo ulimpiga. Chombo cha akili bandia hakina kimoja katika vitatu hivyo. Kimefunzwa kwa picha nyingi mno za watu wengine, mamilioni kwa mamilioni, hata kikajua kwamba pua kwa kawaida hukaa vipi baina ya macho na kwamba kola ya shati hukaa vipi shingoni. Kinapopewa picha kumi au ishirini za Zaid, hujifunza pia alama za uso wake. Kisha hakikai kuzisafisha picha zile alizozileta. Huanza na ukungu mtupu wa madoadoa, mfano wa mchanga uliotawanywa, na huyaondoa madoa hayo hatua kwa hatua, kila hatua kikikisia uso ungekuwaje, mpaka utokee uso ambao kwa makisio yake ni wa Zaid. Hapana kivuli kilichozuiwa hapo. Haukupita wakati wowote, hata wa kufumba jicho na kufumbua, ambapo Zaid alisimama katika koti lile na mwanga ule ukamgusa. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba suala la picha limekwisha zungumzwa na kuhukumiwa, ameichukua hukumu na kuiweka mahali ambapo sababu yake haipo, na jambo hilo wanafunzi wa usuli hukatazwa katika mwaka wao wa kwanza.

Jee, basi, sura hiyo inarudi katika makatazo ya asili? Mlango huo ni mpana, na wenye elimu wataendelea kuuzungumza. Linalomhusu Zaid hapa ni jengine: ni shahada.

Picha inayowekwa mbele ya mwajiri haiwekwi kwa ajili ya pambo peke yake. Inasema, "Huyu ndiye." Na kila asemaye "huyu ndiye" ni shahidi, na shahidi huulizwa amejuaje. Mbele ya kadhi, shahidi akiulizwa kama alimuona mtu, naye akajibu, "Nimeona watu wengi wanaofanana naye, na kwa kawaida watu wa namna yake huwa hivi na hivi," hushukuriwa kwa taabu yake na kutolewa nje. Huenda aliyoyasema yakawa sawa, lakini ameyasema kwa dhana, na shahada haijengwi juu ya dhana. Chombo hiki ni shahidi wa namna hiyo. Kikipatia au kikikosa, hakikuwapo.

Na kuwapo ndiko kunakohisabiwa, wala si aina ya chombo. Mwaka 1840 jahazi la Sultana liliingia New York kutoka Zanzibar, nalo lilimchukua Ahmad bin Naaman al-Kaabi, mjumbe wa Sayyid Said bin Sultan kwa Wamarekani. Walipokuwa hapo, mchoraji Edward Mooney alimchora mjumbe huyo akiwa na kilemba na mavazi yake ya kwao. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya hukumu ya kuchora. Lakini kwa upande wa shahada, mchoraji yule alikaa mbele ya mwenye uso, akautazama, na mkono wake ukafuata jicho lake. Anayemuona Ahmad bin Naaman katika mchoro ule amemuona kupitia kwa mtu aliyemuona. Anayemuona Zaid katika picha yake mpya hana wa kupitia kwake.

Maulamaa wa elimu ya kuandika hati, ambayo kwa Kiarabu huitwa elimu ya shurut, walilijua suala hili kabla ya kamera kuzaliwa. Walipokuja mbele ya mwandishi muuzaji na mnunuzi asiowajua, mwandishi hakutosheka na majina, kwani majina hushabihiana. Aliandika hilya, yaani sifa za mwili: urefu, rangi, namna ya nyusi, jino lililotoka, kovu na mahali lilipo. Ajabu yake ni kwamba katika sifa zote hizo, zilizokuwa na faida zaidi ni zile ambazo mwenyewe angependa zisiwepo. Uzuri watu hushirikiana, na anayeelezwa kuwa ana macho mazuri na meno yaliyopangika anaweza kuwa nusu ya mji. Kovu juu ya nyusi ya kushoto ni la mtu mmoja. Basi chombo kilipoliondoa kovu la Zaid kwa kudhani kwamba kinamfanyia hisani, kilifuta kile hasa ambacho mwandishi wa kadhi angekiandika kwanza. Mama yake, ambaye hakusoma elimu ya shurut, alikwenda moja kwa moja mahali pale pale.

Atasema mwenye kusema: hata wapiga picha wa zamani walikuwa wakirekebisha, na hapana aliyewaita mashahidi wa uongo. Na hoja hii ina nguvu, khasa katika mji anaokaa Zaid. Kusini ya Columbia Heights, katika barabara ya U, mtu mmoja aitwaye Addison Scurlock alifungua studio mwaka 1911. Aliwapiga picha watu weusi wa Washington, maharusi na madaktari na walimu, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Howard kilicho jirani, na baadaye wanawe Robert na George wakaendelea na kazi hiyo mpaka studio ilipofungwa mwaka 1994. Picha zao zilikwenda kuhifadhiwa Smithsonian mwaka 1997. Scurlock alikuwa mashuhuri kwa mambo mawili: namna alivyopanga taa ili rangi za ngozi zionekane kwa uzuri wake, na namna alivyoitengeneza picha baada ya kuipiga, akiipunguza mikunjo ya uso kwa mkono wake. Jee, yeye hakughushi?

Jawabu linapatikana kwa kuuliza kwa nini watu walikwenda kwake. Katika nchi ile, kwa karne nzima kabla yake, nyuso za watu weusi zilichorwa na wengine, na zilichorwa kwa dhihaka. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na akafariki Washington mwaka 1895, alipigwa picha nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne yake. Zinazojulikana zinapita 160. Hakufanya hivyo kwa kujipenda. Alilalamika kwamba wachoraji weupe hawakuweza kumchora mtu mweusi kwa insafu, kwani vichwani mwao mlikuwa na sura moja ya mtu mweusi, na kila aliyekaa mbele yao walimchora sura hiyo. Kamera haikuwa na dhana hiyo kichwani. Ilimchukua aliyekaa. Kwa hivyo Scurlock alipoipunguza mikunjo kwa kalamu, kalamu yake ilitembea juu ya kivuli cha mtu aliyekuja, akakaa, akalipa, na akachukua picha ambayo jirani zake waliitambua. Alichokifanya ni cha mfano wa mtu kuchana nywele kabla ya kwenda msikitini.

Chombo cha leo kimekirudisha kile alichokikimbia Douglass. Kimerudi na sura moja kichwani, na kila anayekaa mbele yake humvuta kuelekea sura hiyo. Mwaka 2023 magazeti ya Marekani yalieleza khabari ya msomi wa chuo cha MIT, mwanamke mwenye asili ya Asia, aliyekiomba chombo kimoja kiifanye picha yake ifae kwa kazi. Kilimrudishia uso wenye ngozi nyeupe zaidi na macho ya buluu. Hapana aliyekiamrisha kifanye hivyo. Picha nyingi kilizofunzwa ndizo zilizokifundisha kwamba mtu wa kazi huwa hivyo.

Na upo ushahidi mwengine, wa karibu na hapo. Huko Gaithersburg katika jimbo la Maryland, nje kidogo ya Washington, iko taasisi ya serikali ya vipimo na viwango iitwayo NIST. Mwezi wa Disemba mwaka 2019 ilitoa ripoti baada ya kuzipima programu 189 za kutambua nyuso, kutoka kwa watengenezaji 99. Katika programu nyingi, kosa la kumdhania mtu kuwa ni mtu mwengine lilikuwa kubwa zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki, na dogo zaidi kwa nyuso za watu wa Ulaya ya Mashariki. Vyombo hivyo vilikuwa vya kutambua, si vya kutengeneza, na haifai kuyachanganya mambo mawili. Lakini mwenye wazee wa Unguja anapaswa kujua kwamba uso wake haujulikani vizuri na mashine, kabla hajaiomba mashine imsemee.

Isifahamike, hata hivyo, kwamba kila picha isiyo ya kweli ni ghishi. Katika kisiwa cha Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio katika miaka ya 1960, akawa mashuhuri kwa kuunganisha picha: uso wa mtu ndani ya ua, au mtu mzima ndani ya chupa. Wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa ndege na meli, na mtu akaituma picha hiyo kijijini. Hapana aliyedanganyika. Kila aliyeiona alijua kwamba mtu hakai ndani ya chupa, na mzaha ukijulikana kuwa ni mzaha hauna mwenye kudhulumika. Ama picha ya Zaid, uzuri wake wote umo katika kutojulikana. Ingelijulikana kuwa imetengenezwa, isingelimfaa kitu.

Hapa ndipo yanapoingia maneno ya sokoni. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwa muuzaji wa nafaka, akaingiza mkono wake katika fungu na vidole vikagusa umaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyorowa. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akatoa lile onyo kali linalojulikana juu ya mwenye kughushi. Na katika kondoo aliyezuiliwa maziwa, aliyekatazwa kufanya hivyo ni muuzaji, na mnunuzi akapewa khiyari ya kumrudisha. Tena maziwa yale yalikuwa ya kondoo mwenyewe. Hakutiwa maziwa ya ng'ombe! Kila tone lilikuwa lake, na bado ikawa ni hadaa, kwa sababu kiwele kilimwambia mnunuzi jambo ambalo kesho asubuhi halitakuwa kweli. Basi asiseme Zaid kwamba macho ni yake na kidevu ni chake. Suala ni jee, mwajiri atakapofungua mlango siku ya mahojiano, atamuona aliyeahidiwa?

Mpaka hapa maneno yamemwelekea Zaid, na ingekuwa dhulma kukomea hapa. Kwani kuna mtu wa pili katika jambo hili, naye ni yule aliyekaa upande wa pili akizipitisha nyuso kwa kidole, huyu ndiyo, huyu siyo. Tume ya Marekani inayosimamia usawa wa ajira, ambayo makao yake ni Washington, inawaambia waajiri wasimtake muombaji kazi alete picha yake, kwa kukhofia ubaguzi. Na sheria ya haki za binaadamu ya mji huo, ya mwaka 1977, imekwenda mbali zaidi, ikakataza mtu kubaguliwa hata kwa umbo na muonekano wake. Sheria, basi, iliitoa picha mlangoni, nayo ikarudi kwa dirishani. Mwajiri haiombi, anafungua LinkedIn tu, na hapana ajuaye alichokiona wala kwa nini aliendelea na mwengine. Huku Ghuba hata dirisha halihitajiki, kwani ni jambo la kawaida kubandika picha juu ya wasifu wa kazi.

Mwajiri huyo, akimpita Zaid kwa kovu lake au kwa rangi yake, amefanya kosa kubwa kuliko la Zaid, na hilo lisemwe waziwazi. Katika madhehebu ya Kiibadhi yako mafunzo mashuhuri juu ya mtu ambaye hali yake haijulikani: hapewi walaya wala hafanyiwi baraa, bali husimamwa juu yake mpaka zijulikane khabari zake. Mafunzo hayo ni ya dini, wala hayakuwekwa kwa ajili ya ofisi. Lakini anayewakubali na kuwakataa watu kwa kutazama nyuso zao ameshindwa na adabu ambayo hata wanavijiji wa Oman walifunzwa.

Jee, dhulma ya mwajiri inamhalalishia Zaid hila? Mwenye dhiki ana nafasi yake katika sheria, na wapo watakaosema kwamba kijana ana haki ya kujikinga na jicho la dhalimu. Hoja hii isingekuwa dhaifu kama madhara yake yangemrudia Zaid peke yake. Lakini kila mwenye rangi yake anayeikwajua ngozi yake ili apate nafasi humwachia anayemfuata mlango mwembamba zaidi. Mwajiri huzoea kuona nyuso zisizokuwa na kovu, kisha huliona kovu kuwa ni uzembe. Na Zaid mwenyewe, kwa kuliacha kovu lifutwe, amekubali bila ya kusema kwamba falaji ya babu yake ni aibu. Tafauti za rangi za watu Mwenyezi Mungu amezihisabu katika ishara zake. Si haki ya mashine kuzisahihisha, wala si haki ya Zaid kuipa mashine idhini hiyo kwa ada ndogo.

Kwa hivyo hukumu inagawika. Kusafisha mandhari ya nyuma, kuongeza mwanga, kuondoa chunusi ambayo baada ya wiki haitakuwapo, hayo yako katika hukumu ya kalamu ya Scurlock, na hapana ubaya. Picha iliyoundwa yote na mashine, ikiwa haikugeuza kinachomtambulisha mtu na mwenyewe akaeleza kwamba imeundwa, ameiweka nafaka iliyorowa juu ya fungu, na anayetaka kununua na anunue. Ama iliyogeuza rangi au umbo au alama, nayo ikawekwa kimya mahali pa kumjulisha mtu, hiyo ni ghishi. Katika pasi ya kusafiria na viza hakuna tafsili: wizara ya mambo ya nje ya Marekani inataka picha ya karibuni, iliyopigwa ndani ya miezi sita, na inakataza isibadilishwe kwa programu, kwa simu, wala kwa akili bandia. Anayeibadilisha hapo ameongeza juu ya ghishi kuvunja sharti aliloliridhia.

Ama akina mama na mabinti, jambo lao lina upande mwengine. Chombo hutaka kwanza kupewa picha nyingi za simu, na katika simu ya mwanamke zimo picha za nyumbani, bila ya mtandio. Zikishatoka hazijulikani zimekaa kwa nani. Neno la siri likiibiwa hubadilishwa, uso haubadilishwi.

Na aliyekwisha kupata kazi kwa picha kama hiyo, jee, mshahara wake ni halali? Alichokiuza ni elimu yake na siku zake, na hivyo alivileta vyenyewe. Mkataba umesimama, na mshahara ni wake. Linalomlazimu ni kutubia na kuiondoa picha, na ikiwa kazi yenyewe ilitegemea uso wake, kama kazi ya kuonekana katika televisheni, basi amueleze mwajiri naye awe na khiyari.

Zaid hakuwa amepata kazi bado. Aliiondoa picha ile jioni ya siku aliyopigiwa simu. Kesho yake, mwenzake wa chumba cha pili alimsimamisha karibu na dirisha linaloelekea barabara ya 14, saa ambayo jua haliingii moja kwa moja, akampiga picha kwa simu mara nyingi mpaka ikapatikana moja iliyokubalika. Kovu linaonekana. Hiyo ndiyo iliyokwenda LinkedIn, na ndiyo iliyokwenda Maskati. Koti lilikuwa la kuazima, na alilirudisha kabla ya magharibi.